KORONA NA KIHARUSI: USISUBIRI KUPAMBAZUKE



Mwaka 2021 tulimpokea wodini mzee mmoja, mkulima wa mpunga, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akitumia vidonge vya presha. Alikuwa ameugua homa na kikohozi kwa siku sita nyumbani. Kwa kuwa hakuwa na hamu ya kula, aliacha vidonge vyake, akidhani si vizuri kuvichanganya na dawa za mafua. Usiku wa siku ya saba kikombe cha uji kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Ndugu walisema ametupiwa kitu, wakampeleka kwanza kwa mganga. Alifika kwetu siku ya tatu. Tulipompima tulikuta ana UVIKO-19, yaani korona, na upande wa kulia umepooza.

Mzee huyo alipona homa, lakini mkono wake haushiki tena jembe. Mkewe aliniuliza, "Nesi, kumbe mafua yanaweza kumpoozesha mtu?" Swali lake ni zuri, na mwezi huu tulijibu pamoja.

Kiharusi ni nini?

Ubongo hulishwa na damu kupitia mishipa. Kiharusi hutokea damu inapokatika ghafla sehemu fulani ya ubongo. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni mshipa kuzibwa na donge la damu iliyoganda. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kuvujia ndani ya kichwa. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa, na kila dakika inayopita hasara huongezeka. Si jini wala upepo mbaya.

Hapa kwetu kiharusi si kigeni hata kabla ya korona. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba kiharusi ni kingi sana nchini mwetu, na kwa Dar es Salaam kiwango kilikuwa kati ya vikubwa vilivyopata kuandikwa duniani. Chanzo kikubwa ni presha isiyotibiwa.

Korona inahusikaje?

Wengi wetu tunadhani korona ni ugonjwa wa kifua tu. Kumbe mwili unapopigana na virusi hivyo, utando wa ndani wa mishipa ya damu huvimba na kuumia, na damu huwa nyepesi kuganda. Homa hupunguza maji mwilini, mapafu yaliyoshambuliwa hushindwa kuleta hewa ya kutosha, na moyo huweza kwenda mbio bila mpangilio. Hapo donge la damu hupata nafasi ya kujitengeneza na kusafiri hadi kichwani.

Huko New York, Marekani, mwaka 2020 madaktari walichunguza wagonjwa 1,916 wa korona waliofika hospitali, wakakuta 31 wamepata kiharusi. Kati ya wagonjwa 1,486 wa homa ya mafua ya kawaida, waliopata kiharusi walikuwa 3 tu. Nchini Sweden, uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 86,000 ulionyesha kwamba hatari ya kiharusi cha kuziba mshipa iliongezeka kama mara tatu katika majuma mawili ya kwanza ya ugonjwa.

Nasema hivi si kwa kuwatisha. Wagonjwa wengi wa korona hawapati kiharusi. Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, wavutaji sigara, na wale ambao korona imewalaza. Lakini vijana nao wamo: huko New York walionekana wenye umri wa miaka 33 hadi 49.

Je, korona haijaisha?

Tunakumbuka Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alipotangazwa nchini, na jinsi tulivyojifukiza nyungu kila nyumba. Mvuke waweza kumpa mtu nafuu ya pua, lakini hauondoi donge la damu. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Halikusema kwamba virusi vimekwisha. Bado vipo, na mara nyingi hatuvipimi, tunasema ni mafua tu.

Utakitambuaje kiharusi?

Mwambie mgonjwa atabasamu: je, mdomo umeenda upande? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Mwambie akusalimie, kwa Kisukuma au Kiswahili: je, maneno yanakwama? Ukiona hata dalili moja, fanya hivi:

1. Tazama saa na ukumbuke dalili zilianza lini. Penye dawa ya kuyeyusha donge, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

2. Mlaze kiubavu. Usimpe chakula, maji wala uji, maana anaweza kupaliwa.

3. Usimpe aspirini nyumbani. Ni picha ya kichwa tu inayoonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka aspirini huongeza kuvuja.

4. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na hata kama dalili zimetoweka. Kutoka Bujora hadi mjini Mwanza, ilipo Hospitali ya Bugando, ni kama kilomita 20 tu. Ukienda kwanza kwa mganga, saa hizo hazirudi.

Kinga

Ukiugua homa, usiache vidonge vya presha au kisukari. Kama unatapika au kuharisha sana, njoo tukuone, tukupangie dozi. Kunywa maji mara kwa mara, na usilale kitandani siku nzima kama una nguvu za kutembea. Ukikosa pumzi, usingoje. Chanjo nayo hupunguza ugonjwa mkali. Ni kweli chanjo ya Johnson & Johnson, tuliyoanza nayo Julai 2021, ilisababisha damu kuganda kwa watu wachache sana: huko Marekani takriban 4 katika kila dozi milioni moja. Hatari ya korona yenyewe ni kubwa kuliko hiyo.

Nawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo: wajueni wenye presha katika jumuiya zenu, na wekeni namba ya simu ya jirani mwenye gari au pikipiki. Mkienda kumjulia hali mgonjwa wa homa, muulizeni pia kama amemeza vidonge vyake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuonane mwezi ujao.