Anga ya Ngoingwa: Januari na Februari ndiyo miezi ya mtazama nyota

MPENZI wa nyota anayeishi Ngoingwa, mjini Thika, ana bahati ambayo mwenzake wa London hana. Mtaa huo uko takriban kilomita 115 tu kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo karibu kila nyota inayoonekana kwa macho humpitia katika muda wa mwaka mmoja. Huiona Salibu ya Kusini, ambayo haichomozi London kamwe, na papo hapo akigeuka kaskazini humwona Dubu. Nyota mashuhuri inayomponyoka ni Nyota ya Kaskazini, ambayo hulala chini kidogo ya upeo wa macho.

Hata hivyo, bahati hiyo ina masharti. Vitabu vingi vya elimu ya nyota vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo humshauri msomaji angojee Juni hadi Agosti ili aone kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota zilizosongamana hadi zikafanana na moshi. Ushauri huo ni sahihi kwa nyota, lakini si kwa Thika. Miezi hiyo ndiyo ya baridi na ukungu katika nyanda za Kati, na wingu zito laweza kutanda siku baada ya siku. Machi hadi Mei ni masika, nayo Oktoba hadi Desemba ni vuli. Kinachosalia hasa ni Januari na Februari, pamoja na siku chache za Septemba.

Je, kitovu hicho kikose kuonekana? La hasha. Anayeamka saa kumi alfajiri mwishoni mwa Februari atalikuta kundi la Nge limekwisha kupanda upande wa Kilimambogo, na Njia Nyeupe ikipita mkiani mwake. Anga ya Juni huwa tayari ipo, ila huja kabla ya jogoo kuwika.

Jioni za Januari ni za Orioni. Kufikia saa nne usiku katikati ya mwezi, nyota tatu za ukanda wake huwa karibu utosini. Nyota hizo huchomoza mashariki kamili na kutua magharibi kamili, hivyo humfaa hata msafiri asiye na dira. Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba Dubu, Orioni na Kilimia hutajwa pamoja katika kitabu cha Ayubu.

Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kina uzito wake katika Kiswahili, kwani jina lenyewe latokana na kulima. Wahenga wa Pwani walishika kwamba kikizama wakati wa mvua, huzuka wakati wa jua. Hesabu yao ilikuwa barabara: hutoweka magharibi karibu na mwanzo wa Mei, masika yakiendelea, kisha hurejea alfajiri za Juni mvua zikiwa zimekatika.

Adui wa pili baada ya wingu ni taa. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, majengo yameongezeka, na mwangaza wa Nairobi hufifisha anga ya kusini magharibi. Taa ya lango inayomulika juu haimfichui mwizi; humtia jirani upofu tu. Ielekezwe chini. Macho nayo huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuona vyema, na kuichungulia simu mara moja huharibu yote.

Darubini si lazima kwa anayeanza. Achague usiku usio na mwezi, apande juu ya paa akiwa na mwenzake, na ajifunike blanketi. Stima zikipotea mtaani, huku wengine wakitafuta mishumaa na kunung'unika, yeye atoke nje upesi kabla hazijarudi.