Matanga ya Mwenye Safari ya Mirihi

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen, akiisha kuipita Gongoni, huiacha mkono wa kulia njia ya Ngomeni, ambako katika Ghuba ya Ungwana, ghuba ile ile iupokeayo Mto Tana huko Kipini, Waitalia walisimamisha baharini jukwaa la chuma liitwalo San Marco, na kutoka juu yake wakarusha roketi tangu mwaka 1967 hata 1988. Mahali hapo palichaguliwa kwa hekima, kwani karibu na ikweta mzunguko wa dunia huiongezea kasi roketi ielekeayo mashariki, na mbele yake pana bahari tupu isiyo na mtu wa kudhuriwa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, ilirushwa hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota.

Watu walio jirani na mambo hayo wana haki ya kuwa na hekaya zao za safari za anga, nami ningependa ziwe za kusadikika, zenye kumtazama binadamu kabla ya chombo chake. Ilimu imekwisha kutujulisha mengi: kwamba mifupa ya mwanaanga hupungua kila mwezi, hata hulazimika kufanya mazoezi kiasi cha saa 2 kila siku, na kwamba akilia, machozi hayatiririki shavuni, bali hujikusanya jichoni yakawa tone moja kubwa, lililonata pale pale mpaka alifute. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda, katika Ramadhani ya 2007, kwenye kituo cha anga, mahali ambapo jua huchomoza mara 16 kwa siku yetu moja, maulamaa wa nchi yake walitoa mwongozo kwamba nyakati za sala zifuate za mahali alipoondokea, na kibla akielekee kadiri ya uwezo wake.

Lakini lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuwa mbali na jamaa. Desemba 2007 Daniel Tani wa Marekani alipata habari ya kifo cha mama yake akiwa katika kituo hicho hicho, pungufu ya kilomita 400 tu juu ya dunia, asiweze kushuka hata Februari. Sasa tumfikirie binti wa Garsen aliyefika Mirihi, sayari ambayo ikiwa mbali nasi kabisa, neno huchukua dakika 22 kufika, na jibu dakika 22 nyingine kurudi. Mama yake, Mpokomo mwenye konde la mpunga ukingoni mwa mto, humwuliza hali, kisha akaenda kupepeta mchele hata jibu lije. Naye binti huuliza kama Tana imefurika, na ni nani waliohamia penye mwinuko. Siku nyumba hiyo inapofikwa na msiba, maiti huzikwa pasipo kumngoja, kwa kuwa marejeo yake ni ya miaka. Ndipo wazee, wakiwa wameketi jamvini, hulazimika kukata shauri kama wayaanue matanga kwa desturi, au wayaache mpaka binti naye awe amesema neno lake.