Figo Hazipigi Kelele

Mara nyingi mzee mwenye maradhi ya sukari ya aina ya pili husema hajambo, kumbe figo zake zimekwisha anza kuharibika pasipo maumivu. Dalili ya mwanzo ni albumini, protini ya damu, kuvuja katika mkojo; haijulikani ila kwa kipimo. Ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, na vipimo vya baadaye vikathibitisha, hiyo ni ilani. Kolesteroli mbaya nayo ikiwa juu, hatari ya maradhi ya moyo huzidi. Basi mpelekeni mzee wenu kila mwaka akapimwe mkojo na damu, angali na nguvu zake. Sukari, shinikizo la damu na kolesteroli vikidhibitiwa mapema, figo huweza kuhifadhika miaka mingi. Msingoje miguu ivimbe.