Ufunguo wa Siri Usiachwe Hadharani
Dzaleka, gereza la zamani lililofanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, leo ina vijana waandishi wa programu za kompyuta. Kwao, na kwa wenzao wa Madisi na Lilongwe, tuna neno.

Wengi huweka kazi zao GitHub, zisomwe na yeyote. Humo husahaulika nywila au ufunguo wa siri ufunguao taarifa za wateja. Mwaka 2022 Toyota ilitangaza kwamba ufunguo wa namna hiyo, uliowekwa kimakosa na mkandarasi, ulikuwa hadharani tangu Desemba 2017. Anwani za barua pepe 296,019 zilikuwa hatarini.

Kosa kubwa zaidi ni kufuta faili na kunyamaza. GitHub hutunza historia ya kila badiliko, na wezi wana programu zinazopekua usiku na mchana. Batilisheni ufunguo kwanza, ndipo msafishe historia. Mwarifuni mwenye mfumo siku hiyo hiyo, ijapokuwa twajua hofu ya kupoteza kibarua. Taarifa au fedha zikiguswa, njoni kituoni na kumbukumbu za mfumo zikiwa kamili. Tunayemtafuta ni aliyeingia bila idhini.