Askofu Mwoleka na Mizani ya Manabii

Wapo wanaomwita marehemu Askofu Christopher Mwoleka nabii, na wapo wanaosema alikuwa mtakatifu. Hilo la pili lina wenyewe: Kanisa Katoliki lina taratibu zake za kumtangaza mtu mtakatifu, nalo halijamtangaza yeye. Lakini la kwanza laweza kupimwa na kila asomaye Biblia, awe mkulima wa Ngara au Biharamulo, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, au mtumishi wa serikali aliye ofisini kwake.

Mwoleka alizaliwa mwaka 1927, akawa Askofu wa Rulenge mwaka 1969, wilaya za Ngara na Biharamulo zikiwa chini ya uangalizi wake. Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza miaka miwili tu. Miongoni mwa viongozi wa dini walikuwako walioitazama siasa ya ujamaa kwa hofu, wakidhani kuwa nyuma yake umejificha ukomunisti usiomtaka Mungu. Mwoleka aliikubali, wala hakuishia katika maneno. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na kulima pamoja na wanakijiji.

Hapo ndipo ulipo mfanano wa kwanza. Manabii hawakuhubiri kwa kinywa peke yake. Ezekieli alifunga mizigo kama mtu aendaye uhamishoni, akautoboa ukuta na kutoka nayo, watu wakimtazama. Yeremia alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, ilhali majeshi ya Babeli yamekwisha uzingira mji wa Yerusalemu. Yona naye atufundisha kwa kinyume chake. Alipotumwa kwa watu wa Ninawi alipanda merikebu kwenda kwingine, dhoruba ikavuma. Ndugu zetu wa visiwani, waijuao ghadhabu ya ziwa, wataelewa upesi: mtu awakimbiaye watu aliotumwa kwao huwatia hatarini hata wale aliopanda nao chombo kimoja.

Hata hivyo iko hoja nzito dhidi ya sifa hii. Manabii wengi waligongana na wafalme. Natani alimkemea Daudi, Eliya alimkabili Ahabu, na Amosi aliambiwa aondoke Betheli. Mwoleka yeye alikubaliana na siasa ya serikali. Je, hakuwa kama wale manabii 400 waliomtabiria Ahabu ushindi, kwa kuwa ndivyo mfalme alivyotaka kusikia, huku Mikaya mwana wa Imla akitiwa gerezani kwa kusema kweli?

Swali hili halifai kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba nabii hapimwi kwa kumpinga mtawala wala kwa kumuunga mkono, bali kwa gharama anayokubali kuibeba mwenyewe. Wale 400 walimhimiza mfalme aende Ramothi-Gileadi. Aliyepigwa mshale huko akafa ni mfalme. Mwoleka hakumwambia mkulima ashike jembe ambalo yeye mwenyewe hakulishika.

Tena aliingia kijijini kwa hiari. Mwalimu Nyerere alikwisha eleza mwaka 1967 kwamba kijiji cha ujamaa hakiundwi kwa kulazimisha watu. Lakini mwishoni mwa mwaka 1973 kuhamia vijijini kulifanywa amri, na mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu. Kijiji kilikuwa na jina lile lile, bali moyo wa aliyekwenda mwenyewe na moyo wa aliyesukumwa haukuwa mmoja.

Mwoleka alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si kitendawili cha kuteguliwa, bali ni mfano wa maisha ya kushirikiana. Kwa imani hiyo alikuwa mtetezi mkubwa wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, walizipa nafasi ya kwanza mwaka 1976. Vijiji vya ujamaa vilififia. Jumuiya zingali zikikutana nyumba kwa nyumba. Yeremia naye alilipia shamba wakati nchi inaanguka, akiamini kwamba siku moja watu watalima tena.

Askofu alistaafu mwaka 1996, akafariki mwaka 2002. Kwa raia, mfano wake ni wajibu wa kushirikiana bila kungoja kuamriwa. Kwa watumishi wa serikali ni swali la kujiuliza kabla ya kutia sahihi agizo la kumhamisha mkulima shambani au mvuvi kambini: je, mimi ningekubali kwenda kuishi huko ninakowapeleka? Asiyeweza kuitikia hana budi kurudi kwa wananchi, awasikilize kwanza.