Kipandikizi cha sikio: usianze kwa kuuliza kampuni

Ukitaja Kangeta hapa Pwani, wengi hukumbuka miraa. Jina la soko hilo la Igembe, kaunti ya Meru, limegeuka kuwa jina la aina ya miraa. Leo nalitaja kwa jambo jingine. Tuseme mzazi wa Kangeta ana mtoto asiyesikia tangu kuzaliwa, na daktari amemweleza habari ya kipandikizi cha koklea. Swali lake la kwanza litakuwa lile lile la mzazi wa Kilifi au Lamu: kampuni gani ndiyo bora?

Kipandikizi si kile kifaa cha kawaida cha kukuza sauti. Kina sehemu mbili. Ya nje, inayovaliwa sikioni, hunasa sauti na kuigeuza kuwa ishara. Ya ndani hupandikizwa kwa upasuaji, na uzi wake mwembamba wenye elektrodi huingia kwenye koklea, ile sehemu ya sikio iliyojikunja kama konokono, na kuamsha neva ya kusikia kwa umeme.

Kampuni zinazojulikana zaidi duniani ni tatu: Cochlear ya Australia, MED-EL ya Austria na Advanced Bionics iliyoanzia Marekani. Uzi wa Cochlear una elektrodi 22, wa Advanced Bionics 16, na wa MED-EL 12. Ukisikia hivyo utadhani 22 lazima zishinde 12. Sivyo. Umeme hutapakaa ndani ya koklea na elektrodi jirani huingiliana, kwa hiyo wingi wake pekee hauleti usikivu bora. MED-EL nao hujivunia uzi mrefu unaofika ndani zaidi.

Tafiti zilizolinganisha watumiaji wa kampuni hizi hazijampata mshindi mmoja wa kudumu. Tofauti kati ya mtu na mtu wanaotumia kifaa kimoja huwa kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni. Hata uimara si wa jina: Cochlear ilirudisha baadhi ya vipandikizi vyake mwaka 2011, na Advanced Bionics mwaka 2020.

Kinachoamua zaidi ni umri na muda. Mtoto aliyezaliwa hasikii, akipandikizwa mapema, hasa kabla ya miaka miwili, ubongo wake hujifunza lugha kwa urahisi zaidi. Akichelewa hadi miaka minane, atasikia sauti, lakini kuelewa maneno huwa kazi ngumu. Aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo asicheleweshwe kabisa, maana koklea yaweza kuota mfupa ndani na uzi ukakosa njia.

La pili ni mazoezi. Baada ya upasuaji kifaa hurekebishwa mara nyingi, na mtoto hufundishwa kusikiliza kwa miezi na miaka. Kwa mtu wa Kangeta hizo ni safari nyingi za Nairobi, na kwa mtu wa Lamu ni ndefu zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuuza shamba au kuitisha mchango, muulize daktari haya. Nani hapa Kenya hutengeneza kifaa hiki kikiharibika? Betri na nyaya ni bei gani, na hupatikana wapi? Dhamana ya sehemu ya nje ni ya miaka mingapi? Nani atamfundisha mtoto kusikiliza, na wapi? Kampuni yenye majibu mazuri hapa nchini ndiyo bora kwa mtoto wako.

Na mtoto asinyimwe lugha wakati mnasubiri. Lugha ya ishara, inayotambuliwa na Katiba ya 2010, haimzuii kujifunza kusema. Kifaa kikizima saa nane usiku, bado ataweza kumwambia mama yake anaumwa wapi.