Ndege wadogo wa uani katika Nachingwea na Ruangwa

Ndege wadogo wa uani ni ndege wa porini wanaotafuta chakula, maji au mahali pa kutaga karibu na nyumba za watu. Katika Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Mkoa wa Lindi kusini-mashariki mwa Tanzania, huonekana kwenye miembe, mikorosho na migomba, na pale nafaka inapotwangwa na kupepetwa. Kwa kuwa wamezoea watu, ni rahisi kuwatazama na kuwapiga picha, hata kwa simu.

Spishi za kawaida

Chozi kidari-chekundu (Chalcomitra senegalensis) hunyonya mbochi kwa mdomo mrefu uliopinda na hupenda ua la mgomba. Dume ni mweusi mwenye kidari chekundu; jike ni wa kahawia. Shore (Pycnonotus barbatus) hula matunda na wadudu, na huwa miongoni mwa wa kwanza kulia alfajiri. Mshigi domo-jekundu (Lagonosticta senegala) na tongo (Spermestes cucullata) huokota mbegu ndogo na chenga chini. Mnana (Ploceus cucullatus) huishi kwa makundi, na dume ndiye anayesuka kiota kwa nyuzi za majani.

Majira

Eneo hili lina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ndege wengi wala-mbegu huzaliana wakati huo au mara baada yake, mbegu za nyasi zinapokuwa nyingi. Dume wa fumbwe (Vidua macroura) huota mkia mrefu mweusi, kisha baada ya kuzaliana huupoteza na kufanana na jike. Kwa hiyo picha za ndege mmoja zilizopigwa Februari na Agosti zinaweza kudhaniwa kuwa za spishi mbili. Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica) hufika kabla ya mvua na kuondoka mnamo Aprili. Wakati wa kiangazi ndege hukusanyika penye maji.

Kupiga picha

Saa moja hadi saa tatu asubuhi mwanga ni laini na ndege wana njaa. Jua likae nyuma ya mpigaji. Jambo hili ni muhimu hasa kwa chozi: kijani king'aacho cha paji na koo lake hutokana na muundo wa manyoya unaorudisha mwanga, na kikitazamwa kwa pembe isiyofaa huonekana cheusi. Ni afadhali kuilenga kamera kwenye ua na kungoja kuliko kumfuata ndege. Jicho ndilo linalopaswa kuonekana wazi. Asiye na lenzi ndefu anaweza kuweka simu kwenye kioo cha darubini, au kukaa kimya dirishani karibu na sahani ya maji yenye kina cha sentimita chache. Maji hayo yabadilishwe kila siku ili yasieneze magonjwa wala kuzalisha mbu.

Hatari na uhifadhi

Watoto wengi wa vijijini huwajua ndege kutokana na kazi ya kuamia, yaani kuwafukuza wasile nafaka shambani. Lakini manati na ulimbo hutumika pia kuwaua au kuwakamata uani, ambako hakuna mazao ya kulinda. Uwindaji na ukamataji wa wanyamapori, wakiwemo ndege, husimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Mpiga picha naye anaweza kudhuru. Akikata majani yanayoficha kiota ili apate picha safi, huwafungulia njia kunguru, paka na nyoka, na makinda hubaki juani. Akisimama hapo kwa muda mrefu, wazazi hushindwa kuwalisha.

Thamani ya kumbukumbu

Watalii wengi wanaotazama ndege Tanzania huelekea hifadhi za kaskazini, na kusini-mashariki hutembelewa kidogo. Mkazi anayeandika tarehe, mahali na tabia ya ndege kila msimu hupata habari ambazo mgeni wa siku moja hawezi kuzipata. Picha zake zinaweza kuwekwa katika tovuti za iNaturalist na eBird, ambako hata picha isiyo kali inafaa ikiwa inaonyesha umbo la mdomo, rangi na mkia.